Kashindi Hakulala

Nilikuwa nimekaa mkekani upande wa wanawake, Ujiji, siku ya hitima ya Kashindi, wakati kijana mmoja aliyekuwa akigawa chai alipomgutusha mwenzake aliyesinzia karibu na masufuria. "We, amka," akamwambia, "usilale kama Kashindi." Wakacheka wote wawili, kisha yule aliyegutushwa akakumbuka yuko kwenye msiba wa nani, akaziba mdomo kwa kiganja. Sidhani walikuwa na nia mbaya. Ni msemo tu, Kigoma nzima wanautumia. Mwalimu humwambia mwanafunzi, utingo humwambia abiria aliyepitilizwa kituo, mama humwambia binti aliyeacha maziwa yakafurikia jikoni. Wengi wanaousema hawajui hata kama Kashindi alikuwa mtu. Mimi najua. Nilikula jikoni kwa mke wake mwaka mzima. Hasira iliyonipanda pale mkekani, kikombe cha chai mkononi, sikuwaonea wale vijana. Ni hasira ya zamani, nimezeeka nayo, na fungu lake kubwa ni langu mimi mwenyewe.

Sina haja ya kueleza nilizaliwa wapi na kwa nani. Inatosha kujua kwamba mimi ni Muha wa milimani, nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina cheti cha kupiga chapa, na ziwa nilikuwa naliogopa. Ulikuwa mwaka ule wa kuhamia vijijini. Watu wa vitongoji vitatu vya ufukweni, kusini ya Ujiji, walikuwa wamekusanywa kwenye kijiji kimoja chini ya rasi waliyoiita Kichwa cha Sangala, kwa sababu ukiitazama kutoka majini inafanana na kichwa cha samaki yule mkubwa, na mbele ya kinywa chake kuna mawe yaliyozama nusu. Kila msimu wa upepo wa kusini mawe yale yalikuwa yanakula boti. Kwa hiyo iliposemwa kwamba serikali italeta saruji, vyuma na mhandisi, na wananchi watoe mawe, mchanga na mikono yao, hakuna aliyeswagwa kwenda kazini. Hilo nataka lieleweke, maana vijana wa siku hizi wakisikia habari za miaka ile hudhani kila kitu kilifanywa kwa fimbo. Mnara tuliutaka. Wajane wa rasi ile ndio waliokuwa wa kwanza kubeba mawe, na walibeba huku wanaimba.

Ofisi ya mradi ilikuwa chumba kimoja cha matofali mabichi, bati juu, mlango unatazama ziwa. Humo ndimo nilimofanyia kazi na humo humo nilimolala, nyuma ya pazia la khanga mbili zilizoshonwa pamoja. Mashine ya chapa ilikaa juu ya kasha la misumari, na herufi moja ilikuwa inaganda mpaka uinyanyue kwa ukucha. Nyuma ya ofisi kulikuwa na jiko la mradi, na jiko hilo lilikuwa himaya ya Tatu, mke wa Kashindi. Nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu siku ya kwanza tu, akanisogezea kigoda bila kuuliza kama nina njaa. Mchana ulikuwa ugali wa muhogo na dagaa wabichi waliokaangwa kwa mawese, na vidole vyangu vilibaki na rangi ya chungwa hata nikachafua karatasi za ofisi. Dagaa wakikosekana, maharage, na mawese tena. Dada Tatu alikuwa na mimba changa kuta zilipoanza kuinuka, na kadiri mnara ulivyopanda ndivyo tumbo lake lilivyopanda, wanawake wakawa wanamtania kwamba watashindana nani atamaliza kwanza. Pale jikoni ndipo nilipojua habari za kila mtu: nani kaachwa, nani kahamishwa wakati mihogo yake bado iko shambani kule alikotoka, na jinsi Katibu wa kamati ya mradi anavyofuta viatu vyake kwa leso kila akishuka botini. "Yule," alisema mwanamke mmoja mbeba mchanga, "hata ziwa linamchafua." Tulicheka mpaka dada Tatu akatuonya kwamba mlango wa ofisi uko wazi.

Kashindi mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, wa zile familia za Ujiji ambazo babu zao walivuka ziwa kutoka Kongo. Alikuwa mvuvi wa dagaa tangu ujana, hadi karabai ilipomlipukia akiwa ziwani. Ile ni taa ya mafuta ya taa inayopigwa pampu, na wavuvi huitundika kwenye mitumbwi yao ili dagaa waufuate mwanga. Mkono wake wa kushoto ulibaki na kovu kutoka kiwikoni hadi kwenye kifundo, na vidole viwili havikukunjika tena. Hakuweza kuvuta wavu, akajifunza uashi. Mawe ya msingi wa mnara ule aliyapanga yeye. Aliyagonga moja moja kwa nyundo na kuyasikiliza, na lile ambalo sauti yake haikumridhisha alilitupa kando hata kama watu wanne walikuwa wamelibeba tangu bondeni. Walinung'unika, lakini walilifuata lingine. Mimi alinitania tangu siku alipogundua kwamba nikienda kuteka maji nasimama mbali na kunyoosha mkono. "Dada karani," alisema, "nyie watu wa mlimani mnadhani ziwa lina meno? Meno yako kwenye mawe. Maji hayana neno na mtu."

Sasa nieleze jinsi kazi ilivyokwenda, maana kosa lote lilitoka hapo. Wanaume wa kijiji kile walikuwa wavuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwa mkubwa. Kwa hiyo maisha yao yaligawanyika mara mbili. Siku za giza, mwezi usipokuwepo, waliingia ziwani jioni na kurudi asubuhi wakiwa hoi, wakalala mchana kutwa. Siku za mbalamwezi walikuwa nchi kavu, wanashona nyavu, wanaoana, wanagombana, na wakati wa mradi wanabeba mawe. Siku za mbalamwezi rasi ile ilijaa watu kama siku ya mnada. Siku za giza tulibaki Kashindi, wanawake, wazee na mimi. Katibu aliligundua jambo hilo mapema, na kwa kuwa alipenda wageni wake wakute umati ukifanya kazi, alipanga ziara zote ziangukie mbalamwezi. Mimi ndiye niliyempigia chapa ratiba hizo. Mhandisi alikuja karibu kila mwezi, mwaka mzima, na kila alipokuja mwezi ulikuwa mkubwa, ziwa jeusi tupu, mitumbwi yote imepinduliwa ufukweni. Aliondoka akiamini kwamba ziwa letu ndivyo lilivyo.

Huyo mhandisi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mlevi au mwizi ningejua nimlaumu vipi. Alikuwa kijana wa Pwani, msomi, amekulia karibu na bahari, anaamkia wazee vizuri, anakunywa uji wa dada Tatu na kuomba tena. Alipima kila kitu. Alipima upepo, alipima kina, alipima unene wa kuta, akaandika kwenye daftari lenye jalada gumu. Alinieleza siku moja, akichora kwa kijiti chini, jinsi mnara unavyojengwa: msingi mpana, ukuta unaopungua kadiri unavyopanda, ngazi ya chuma ndani, na juu kabisa chumba cha vioo chenye taa. Alikuwa na furaha ya kweli. Kitu kimoja tu hakupima, na hakupima kwa sababu hakuwahi kukiona.

Mimi nilikiona kwa sababu ya Kashindi. Jioni moja ya siku za giza, dada Tatu akiwa anaosha masufuria, tulikaa juu ya msingi wa mnara tukitazama mitumbwi ikitoka. Taa ziliwashwa moja baada ya nyingine mpaka upande wote wa magharibi ukajaa. Nikasema kwamba sasa ziwa limekuwa mji. Kashindi akanionyesha kwa ule mkono wake wenye kovu. "Unaona pale penye taa? Pale ni maji. Unaona hapa gizani, huku kwetu? Hapa ni nchi. Nahodha wa boti la abiria akija na giza hatafuti taa, anatafuta pasipo na taa, halafu anakaa mbali napo. Sisi wote ndivyo tulivyofundishwa. Taa ni maji, giza ni mawe." Nilimwuliza, basi mnara ukiwaka hapa juu itakuwaje? "Itategemea na hiyo taa yenyewe," akasema. "Ikiwa inazunguka, inawaka na kuzima, mtu ataijua. Mvuvi hazimi taa yake."

Taa ilikuja kwenye makasha matatu, na ilipaswa kuja kwenye makasha manne. Tulifungua Kashindi, mhandisi na mimi, nikiwa na orodha mkononi. Kulikuwa na tangi la mafuta, pampu, vioo vinene vya kukuza mwanga, na chombo chenyewe cha kuwakia. Kashindi alikishika, akakigeuza, akaanza kucheka. "Ndugu Mhandisi," akasema, "hii ni karabai!" Mhandisi naye akacheka, akakubali kwamba ni ya ukoo huo huo, ila kubwa. Kasha la nne, lenye mashine ya kuizungusha, lilikuwa limebaki njiani, na barua ilisema litafuata. Kashindi aliacha kucheka. Aliuliza litafuata lini. Mhandisi alisema hajui, ila taa yaweza kufanya kazi bila mashine hiyo kwa muda, mwanga wake ni mkali, utaonekana mbali sana. "Sijasema hautaonekana," Kashindi akajibu.

Mkutano wa kamati ulifanyika katika darasa la shule, watu tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao. Siku ya uzinduzi ilikwisha pangwa, mgeni rasmi amekwisha kubali, na ilikuwa sikukuu ya taifa, na kwa bahati njema ya Katibu iliangukia mbalamwezi. Kashindi, ambaye alikuwa amechaguliwa kuwa mtunza taa kwa kuwa hakuna aliyeijua karabai kumshinda, alinyoosha mkono. Nilikuwa naandika. Nakumbuka kila neno. Alisema, "Ndugu Katibu, mimi naomba tuahirishe mpaka mashine ya kuzungusha ifike. Na kama haiwezekani kuahirisha, basi uzinduzi ufanyike, wageni waone, lakini siku za giza tusiiwashe. Taa nyeupe isiyopepesa, kwenye ziwa hili, ni mvuvi. Nahodha ataona mvuvi, atadhani pale ni maji, atamkwepa kidogo tu, ataingia kwenye mawe."

Darasa zima liliangua kicheko, na sikiliza maneno yenyewe uone kwa nini. Mnara wa taa uzimwe siku za giza! Katibu alisubiri kicheko kiishe, naye alikuwa anajua kusubiri. "Yaani ndugu yetu," akasema, "anataka tuuwashe siku za mbalamwezi, wakati hata mbuzi anaona njia?" Wakacheka tena. Wavuvi wawili watatu hawakucheka, nikawaona wanatazamana, lakini hakuna aliyesimama. Mhandisi aliinamisha kichwa kwenye daftari lake. Nadhani alitaka kuuliza kitu. Alimtazama Katibu, akamtazama Kashindi, akafunga daftari. Miaka yote hii nimemwuliza moyoni: kwa nini hukubaki wiki mbili tu? Ungebaki wiki mbili, ukakaa juu ya ule msingi jioni moja, ungeona kwa macho yako, na mwenye macho haambiwi tazama.

Jioni Katibu aliniita ofisini, yaani chumbani kwangu mwenyewe, yeye amekaa kwenye kiti changu. Alisoma rasimu ya muhtasari polepole, akaweka kidole kwenye aya ya Kashindi. "Hii ya nini?" Nikamwambia ndivyo alivyosema. "Ndugu Pelagia, muhtasari si redio, kwamba kila anayekohoa asikike. Hii inakwenda mkoani. Watu wa mkoani wakisoma kwamba mtunza taa mwenyewe hataki taa iwake, watatuonaje?" Hakufoka. Laiti angefoka. Alizungumza na mimi kama kaka anayenielekeza, akanikumbusha kwamba mwakani kuna nafasi za chuo cha ualimu na yeye ndiye anayeandika barua za mapendekezo. Kisha akaikunja rasimu yangu mara nne na kuitia mfukoni. Nilikaa kwenye mashine, nikapiga upya. Pale palipokuwa na maneno ya Kashindi niliandika: "Wajumbe waliupongeza mradi kwa kauli moja." Ilinichukua muda mfupi kuliko kuchambua dagaa wa mlo mmoja.

Uzinduzi ulikuwa mzuri, na siwezi kusema uongo juu ya hilo. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na pilau, watoto wa shule waliimba, mgeni rasmi alipanda ngazi ya chuma hadi juu akashuka anahema. Mwezi ulipotoka, Kashindi aliwasha taa. Ziwa lilikuwa tupu, hakuna mtumbwi hata mmoja, na mwanga ule ulisimama peke yake juu ya rasi, mweupe, hautikisiki. Wale wajane waliobeba mawe walipiga vigelegele. Mimi nililia. Siku iliyofuata nilipiga chapa barua kwa manahodha wote wa maboti ya abiria kuwaarifu kwamba sasa rasi ina taa, wasiwe na hofu tena.

Siku ya kumi na mbili baada ya hapo niliamshwa asubuhi na kelele za wanawake. Nilitoka bila viatu. Maji yaliyokuwa chini ya rasi yalikuwa na rangi ya chungwa, na sikuelewa mpaka nikasikia harufu: madebe ya mawese yalikuwa yamepasuka, na mafuta yametanda kuanzia kwenye mawe hadi ufukweni. Ndani yake kulikuwa na mikungu ya ndizi, kandambili, kilemba cha mtoto. Boti lilikuwa limetoka kusini na abiria na mzigo wa soko la Ujiji. Wavuvi walikwisha okoa waliowaokoa. Maiti walikuwa kumi na moja, wamelazwa mstari mmoja karibu na jiko, na dada Tatu alikuwa anawafunika kwa khanga, na khanga zilipokwisha akaja chumbani kwangu akachomoa lile pazia. Kashindi alikuwa amekaa chini kwenye mlango wa mnara. Juu yake taa ilikuwa bado inawaka mchana kweupe, hakuna aliyekumbuka kuizima.

Wakaja watu watatu kutoka mkoani kuchunguza. Walikaa kwenye darasa lile lile, mezani kwa mwalimu. Nahodha aliokoka, akasimama mbele yao na bandeji kichwani, na alisema kweli tupu. Alisema aliona taa za wavuvi, nyingi, akapita katikati yake. Akaona moja iko pembeni peke yake, akadhani mvuvi kajitenga, akamkwepa kidogo tu asije akamkatia wavu, na hapo ndipo palipokuwa na mawe. Wakamwuliza, je, taa ya mnara uliiona? "Sikuiona," akasema. "Niliona karabai tu." Wale watu wakaandika. Kashindi akasimama bila kupewa nafasi. "Hiyo karabai ya pembeni ndiyo mimi!" akasema. "Ndiyo mnara wenyewe! Kaniona, na mimi nililiona boti lake likija!" Wakamwambia akae. Nahodha hakuuona mnara, kwa hiyo mnara haukuwaka, kwa hiyo mtunzaji alilala. Na ile taa iliyokutwa inawaka asubuhi, wakasema aliiwasha baada ya ajali. Wavuvi wawili walijitokeza wakasema waliona taa ikiwaka tangu jioni hadi alfajiri. Wakaulizwa wana undugu na Kashindi, na katika Ujiji ile nani asiyekuwa na undugu na mwenzake? Ushahidi wao ukaishia hapo. Mhandisi hakuwepo, alikuwa amekwisha rudi Pwani.

Ndipo Kashindi akasema, "Mimi nililisema hili kabla. Nililisema humu humu ndani, kwenye mkutano. Muulizeni dada karani, aliandika." Wakaufungua muhtasari, wakausoma wote, wakaniita mbele. Katibu alikuwa amekaa karibu na dirisha, anafuta kiatu kwa leso. Hakunitazama hata kidogo, alijua hana haja. Mkubwa wao akaniuliza, "Je, mtu huyu aliyasema hayo?" Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nimejitetea kwa umri huo mara nyingi sana, na kila nikiufikia utetezi huo nakumbuka kwamba dada Tatu alikuwa na ishirini na minne tu, naye ndiye aliyefunika maiti. Nikajibu: "Sikumbuki neno hilo. Kilichomo kwenye muhtasari ndicho kilichosemwa." Kashindi alinitazama. Nilitegemea atafoka, atanitukana, na ningeshukuru. Alikaa tu kwenye dawati lile dogo, akaushika mkono wake wa kovu kwa mkono mzima.

Alifungwa miaka miwili kwa uzembe. Mchana wa siku niliyosema uongo ule, dada Tatu aliniletea chakula kama kawaida, maana kazi yake ilikuwa kutupikia na hakuna aliyemwambia aache. Aliweka sahani juu ya meza, karibu na mashine ya chapa. Ugali na maharage ya mawese. Tumbo lake lilikuwa limeshuka, alikuwa karibu kujifungua. Hakusema mdogo wangu, alitoka. Na mimi nilikula. Watu hudhani mwenye hatia hukosa hamu ya kula. Nilikula nikamaliza, nikanawa mikono, nikaendelea na kazi. Hilo halijawahi kunitoka, na sitaki linitoke.

Kasha la nne lilifika baada ya miezi minne. Mafundi wawili waliifunga mashine ya kuzungusha kwa siku moja, taa ikaanza kupepesa, na tangu siku hiyo hakuna boti lililogonga pale. Hakuna aliyesimama kusema, kumbe. Katibu aliandikiwa barua ya pongezi, mimi ndiye niliyeipokea na kuipa namba ya jalada. Alipanda cheo, akastaafu, akafa kitandani kwake, akazikwa kwa heshima na hotuba ndefu. Nilikwenda kumzika, nikavaa nguo zangu nzuri, kwa sababu barua yake ya mapendekezo ndiyo iliyonipeleka chuo cha ualimu. Nimefundisha watoto wa watu kusoma na kuandika maisha yangu yote. Nimewachapa waliodanganya. Mara mbili au tatu nimesikia darasani mtoto akimwambia mwenzake usilale kama Kashindi, nikageukia ubao nikaendelea kuandika tarehe.

Kwa hiyo siku ya hitima, wale vijana walipocheka, niliweka kikombe chini. Msemaji wa familia alikuwa ametoka kusoma wasifu wa marehemu: mvuvi, fundi mwashi, baba, babu, mpenda dini. Miaka ya mnara aliiruka kabisa, kwa aibu, akidhani anamsitiri. Nilimwomba sheikh ruhusa, nikamwambia mimi ni Mkristo na ni mwanamke na si ndugu, lakini nina neno la marehemu ambalo sina ruhusa ya kuondoka nalo. Akaniruhusu. Nilisimama kati ya upande wa wanaume na wa wanawake, nikayasema yote niliyoyaandika hapa, kuanzia mbalamwezi hadi muhtasari, hadi neno langu kwa wale watu watatu. Nilisema kwa sauti ya darasani, kwa kuwa nyingine sina. Nikasema Kashindi hakulala. Nikasema taa iliwaka usiku kucha, na yeye alikuwa macho juu ya mnara, na aliona boti likija, na hakuwa na namna ya kuliambia. Mzee mmoja upande wa wanaume, kipofu, akasema kwa nguvu, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," na wengine wakaitikia. Kijana wa chai alikuwa amesimama na birika, anatazama miguu yake.

Nilipoketi, Mwajuma alikuja akachuchumaa mbele yangu. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa tumboni mwaka ule. Sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, na ana kimo cha baba yake. Dada Tatu alifariki zamani, na Mwajuma ndiye aliyebaki kumtunza mzee. Nilifikiri atanishukuru, au atanitukana. Nilikuwa tayari kwa yote mawili.

"Mama," akasema, "wewe unakaa wapi?"

"Katubuka."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipohamishiwa kufundisha huku. Miaka thelathini na moja."

"Katubuka hii hapa? Ya kwenda kwa mguu?"

"Hii hapa."

Akatikisa kichwa taratibu, akageuka kutazama mlango wa mbele, ambako watu walikuwa wanavaa viatu vyao.

"Baba alikuwa anakaa barazani hapo kila siku, asubuhi hadi magharibi," akasema. "Ungemkuta."